Pete za Chuma ndani ya Nguzo

Watu wengi hudhani ya kuwa jengo nene ndilo jengo imara. Historia ya hospitali moja ya California, nchini Marekani, yatufundisha vingine.

Hospitali hiyo yaitwa Olive View. Jengo lake kuu lilikuwa jipya kabisa asubuhi ya tarehe 9 Februari 1971, bonde la San Fernando lilipotetemeka. Lilijengwa kwa zege iliyotiwa nondo za chuma. Ghorofa za juu zilikazwa kwa kuta nene, bali za chini zilitegemea nguzo tu. Kwa hiyo ardhi ilipokwenda huku na huko, mzigo wote wa kupinda uliziangukia nguzo hizo, na jengo likahama zaidi ya sentimita 30. Minara mitatu ya ngazi ilianguka. Watu watatu walifariki hospitalini, na wawili wao walikuwa wagonjwa waliotegemea mitambo, umeme ukakatika.

Sasa, msomaji, tazama waliyoyaona wahandisi walipozichunguza nguzo. Baadhi zilifungwa kwa pete chache zilizoachana. Zege yake ilipondeka, na nondo zikachomoza nje. Nyingine zilizungushiwa chuma mfululizo, mfano wa mtambaazi ujiviringishao mtini. Hizo nazo zilipinda sana na ganda lake likabanduka, lakini moyo wa zege ulibaki umefumbatwa, zikaendelea kubeba mzigo. Zege huvumilia kukandamizwa, bali haivumilii kuvutwa. Chuma ndicho kiipacho uwezo wa kupinda bila kuvunjika.

Baada ya hayo kanuni za ujenzi zilikazwa: pete zikaribiane, hasa penye maungio ya nguzo na mihimili. Mwaka 1973 California ikaanza kutumia sheria maalum ya kuimarisha hospitali. Olive View ilijengwa upya kwa kuta za zege na za chuma. Tarehe 17 Januari 1994 likaja tetemeko la Northridge, na jengo likasimama. Hata hivyo mabomba ya maji yalipasuka, ikabidi wagonjwa wahamishwe. Kumbe mifupa ya jengo peke yake haitoshi.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Mwaka 1928 Bonde letu la Ufa lilitikiswa huko Subukia na tetemeko la kipimo cha 6.9. Basi upitapo penye nguzo ambayo haijamiminwa zege, zitazame pete zake. Ikishamiminwa, hakuna jicho litakaloziona tena.