1974: Mwaka Uliosikika Redioni

Betri za redio zikichoka zilianikwa juani, juu ya bati. Zikishapata moto ziliongea tena, labda kwa nusu saa, na nusu saa hiyo hakuna aliyethubutu kuipoteza kwa muziki. Ilikuwa ya taarifa ya habari na ya mpira. Aliyekulia Tanzania Bara miaka ile hahitaji kuelezwa. Televisheni ilikuwa Zanzibar tu, tena ndiyo kwanza imefika, na ya rangi. Bara tuliisubiri hadi miaka ya 1990. Ndiyo maana mwaka 1974 wengi wetu tuliusikia. Kuuona tulikuja kuuona baadaye sana, katika picha zilizopigwa na wengine, na nadhani hapo ndipo baadhi ya mambo yake yalipoanza kukumbukwa visivyo.

Ulianza na mbio. Jumamosi, tarehe 2 Februari, mjini Christchurch, New Zealand, ilikimbiwa fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Siku zile mbio hizo zilikuwa na adabu zake: unajibanza kwenye kundi, unamwacha mwenzio akukatie upepo, kisha unachomoka mwishoni. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, miaka 20, hakuzijali adabu hizo. Bastola ilipolia akatoka mbele, akabaki mbele, na waliomfuata wakawa wanamngoja achoke. Hakuchoka. John Walker alimsogelea kwenye mita za mwisho huku uwanja mzima, uwanja wa kwao, ukimpigia kelele, lakini utepe ukakatwa na Mtanzania kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, iliyokuwa imekaa tangu 1967, ikawa imevunjwa na watu wawili kwa mpigo, maana hata Walker aliyekuwa wa pili alikimbia chini yake. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya, ambaye hata hivyo aliondoka Christchurch na dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Rekodi ya dunia ya Bayi ilidumu hadi 1979. Ile ya michezo yenyewe, ya Jumuiya ya Madola, haikuguswa hadi 2022. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Mwezi Aprili redio yenyewe ikawa habari. Usiku wa kuamkia tarehe 25, stesheni moja ya Lisbon ilipiga wimbo fulani, na wimbo huo ndio uliokuwa ishara kwa maofisa wa jeshi kutoka kambini kwenda kuipindua serikali. Walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Kulipokucha watu walikuwa wakichomeka maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki, na kwa Mzanzibari kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa, kwa sababu ua hilo Wareno huliita kwa jina lile lile waliloipa karafuu. Kwa Dar es Salaam haikuwa habari ya mbali. Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa kwa bomu katika mji huu mwaka 1969, wapiganaji wake walikuwa wakifunzwa Nachingwea, na Radio Tanzania ilikuwa ikivipa vyama vya ukombozi muda wa kuongea na watu wao walioko ng'ambo ya mipaka. Tarehe 7 Septemba mkataba wa Ureno na Frelimo ukasainiwa Lusaka, na Juni ya mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru.

Agosti ilileta kichekesho cha saa. Richard Nixon alitangaza kujiuzulu kwa kashfa ya Watergate usiku wa tarehe 8, saa za Washington. Kwetu ilikuwa saa 10 alfajiri ya tarehe 9. Alipoondoka madarakani rasmi kwetu ilikuwa saa 1 jioni. Rais wa kwanza wa Marekani kujiuzulu katika historia yao yote! Lakini kesho yake, Jumamosi, Simba na Yanga zilikuwa zinakutana Nyamagana, Mwanza, na atakayekuambia kwamba siku hiyo vijiwe vya Kanda ya Ziwa vilikuwa vikimjadili Nixon, msikilize kwa heshima tu. Adam Sabu aliifungia Simba mapema, na bao likakaa hadi dakika ya 87, watu wa Msimbazi wakiwa wameshaanza kuimba. Gibson Sembuli wa Yanga akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, akafunga la pili. Wapo wazee wanaoisimulia mechi hiyo hadi leo kama vile hakuna nyingine iliyowahi kuchezwa. Mwaka huo huo Simba ilifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika na kutolewa na El Mahalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti, lakini Mwanza ndiyo iliyobaki midomoni.

Septemba 12, siku ya pili ya mwaka mpya wa Kihabeshi, Haile Selassie mwenye umri wa miaka 82 alitolewa kwenye kasri lake Addis Ababa, akapandishwa Volkswagen ndogo na kupelekwa kizuizini. Usiku wa kuamkia siku hiyo televisheni ya Ethiopia ilikuwa imeonyesha filamu ya Mwingereza Jonathan Dimbleby kuhusu njaa ya Wollo, ikichanganywa na picha za karamu za kifalme. Hiyo kazi redio isingeiweza. Novemba 23 wanajeshi wakawapiga risasi watu wapatao sitini, wengi wao wakubwa wa utawala uliopita. Na kesho yake, kule Hadar, kwenye bonde kame la Afar, Donald Johanson akaokota kipande cha mfupa wa mkono wa kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 3.2 iliyopita. Dunia inamwita Lucy. Waethiopia wanamwita Dinknesh.

Katikati ya hayo kulikuwa na Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba, saa 10 alfajiri ya kule, saa 12 asubuhi ya huku, Muhammad Ali alipanda ulingoni kupigana na George Foreman. Saa hiyo ya wanga iliwekwa kwa ajili ya watazamaji wa Marekani. Pambano lilipangwa Septemba, likaahirishwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini. Tamasha la muziki lililokuwa liambatane nalo likafanyika peke yake, James Brown na Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Foreman, miaka 25, alikuwa hajawahi kushindwa: mapambano 40, 37 kati ya hayo kwa kumwangusha mtu. Alikosea jambo moja dogo. Alishuka Kinshasa na mbwa wake, mbwa wa aina ile ile waliyoitumia polisi wa kikoloni wa Kibelgiji. Ali hakuhitaji kusema mengi baada ya hapo. Umati ukawa unaimba "Ali, boma ye", na Mswahili wa pwani akisikia hivyo atafikiria ua wa miiba au ofisi ya mkuu wa wilaya, kumbe kwa Kilingala ni "muue". Ali aliegemea kamba akajikunyata, akamwacha mwenzake apige hadi mikono ikamwishia nguvu, na raundi ya nane akamlaza. Muda mfupi baadaye mvua ikaja ikaufurikisha uwanja.

Kila bondia alilipwa dola milioni 5, na Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire ndiye aliyezidhamini fedha hizo. Ukizishika hizo milioni 10 mkononi, rudi nyuma miezi minne, hadi Juni, kwa vijana wengine wa Mobutu.

Zaire ilikwenda Kombe la Dunia la Ujerumani Magharibi ikiwa bingwa wa Afrika. Machi ya mwaka huo ilikuwa imetwaa kombe nchini Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9. AS Vita ya Kinshasa ilikuwa bingwa wa klabu za Afrika wa 1973. Haikuwa timu ya kuokoteza. Ilipofungwa na Scotland 2-0 haikuaibika. Ndipo wachezaji wakasikia kwamba posho zao hazipo, zimeishia mikononi mwa waliofuatana nao, wakatishia kugoma. Walishawishiwa wakaingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia bila moyo, na bao la tatu lilipoingia, mchezo hauna nusu saa, golikipa Kazadi akatolewa. Yakawa tisa. Hapo, kwa maelezo ya Mwepu Ilunga miaka mingi baadaye, walinzi wa rais walifika hotelini na ujumbe: mkifungwa na Brazil zaidi ya tatu, msirudi nyumbani.

Mwepu alikuwa beki wa Lubumbashi, mji unaozungumza Kiswahili hadi leo, wa klabu tunayoijua kwa jina la TP Mazembe. Ukitafuta jina lake utakutana na sekunde chache tu za filamu. Brazil wana mpira wa adhabu, Rivelino amesimama karibu nao, ukuta umepangwa. Filimbi inalia. Mwepu anachomoka ukutani, anaupiga mpira teke hadi mbali, na Wabrazil wanabaki wameduwaa. Mwamuzi Rainea wa Romania anatoa kadi ya njano. Kwa nusu karne sekunde hizo zimerudiwa kwenye televisheni za dunia kama ushahidi kwamba Waafrika walikuja bila kujua sheria za mpira, na watu wazima wamecheka. Mwepu alisema alizijua vizuri sana. Mchezaji wa klabu iliyokuwa imelitwaa kombe la Afrika mara mbili, atazikosea sheria wapi?

Brazil walihitaji kushinda kwa mabao matatu ili wasonge mbele. Zaire waliogopa la nne. Matokeo yalikuwa 3-0.