Duara Kuu: Ngara na Dar es Salaam Zimeachana Kiasi Gani?

Mwulize dereva wa Ngara umbali wa kwenda Dar es Salaam, atakuhesabia lami: Benaco, Nyakahura, Lusahunga, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, jumla zaidi ya kilomita 1,300. Rubani atakutajia 1,070 hivi. Wote wawili wamesema kweli, ila cha rubani kina jina lake: umbali wa duara kuu.

Likate chungwa katikati barabara, kisu kipite kwenye kiini. Ukingo wa mkato huo ni duara kuu, na hakuna duara kubwa zaidi yake linaloweza kuchorwa juu ya ganda. Ikweta ni duara kuu. Kila mstari wa longitudo ni nusu yake. Kati ya miji miwili yoyote duniani, njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia hufuata duara kuu linalopita kwenye miji hiyo.

Wapo wanaoandika "umbali wa mstari ulionyooka". Siukubali msemo huo. Mstari ulionyooka kweli kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ungezama ardhini na kupita kilomita zipatazo 22 chini ya Singida. "Masafa" nayo tayari imebebeshwa kazi ya redio. Tubaki na umbali wa duara kuu: ni maneno ya kawaida, na yanaeleza jambo lenyewe.

Sisi wa Ngara na Biharamulo, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, hatuoni kwa urahisi faida yake, kwa kuwa huku rula juu ya ramani haikosei sana. Safari ndefu ndiyo huifichua. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York Oktoba 2018. Kwa duara kuu ni kama kilomita 11,840. Rubani angeshikilia mwelekeo mmoja wa dira mwanzo hadi mwisho, kama rula inavyochora kwenye ramani ya mabaharia, angeongeza kilomita 350 hivi.

Umbali huo, hata hivyo, hausemi muda. Upepo hubadilisha kasi, ndege huzunguka kusubiri zamu ya kutua, na ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama tena, si muda wa kuwa hewani peke yake. Kutoka Biharamulo, uwanja wa Chato hauko hata kilomita 50 angani, na Mwanza ni 180 hivi. Kwa Ngara, uwanja mkubwa ulio karibu zaidi ni wa Kigali, kilomita 80 hivi, lakini uko ng'ambo ya daraja la Rusumo, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ndege ikiondoka Kigali saa 4:00 asubuhi na kufika Dar es Salaam saa 6:40 mchana, imetumia saa 1 na dakika 40. Ikirudi kwa muda uleule, itaondoka Dar es Salaam saa 8:00 mchana na kufika Kigali saa 8:40.