Ndege zinapobadilishwa, ratiba za kanda nazo huyumba

ABIRIA anayeamkia uwanja wa JKIA jijini Nairobi na kuarifiwa kwamba safari yake ya Lusaka imesogezwa hadi jioni, aghalabu hulaumu hali ya anga au uzembe wa wahudumu. Mara nyingi kiini huwa kingine: ndege iliyopangiwa njia hiyo haipo, na iliyopo tayari ina kazi yake.

Ratiba ya shirika la ndege si orodha ya saa tu. Ni hesabu ya ndege zilizopo, aina zake na marubani walioidhinishwa kuziendesha. Historia ya Shirika la Ndege la Kenya (KQ) hudhihirisha jambo hili kuliko maelezo yoyote ya darasani.

KQ iliundwa Januari 1977 baada ya kusambaratika kwa East African Airways, shirika lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Ilianza kuruka Februari mwaka huo kwa Boeing 707 mbili za kukodi. Hiyo ni ndege ya masafa marefu. Kuituma Entebbe, mwendo wa saa moja hivi, ni sawa na kukodi lori ili kubeba mtungi mmoja wa maji.

Mnamo 1996 shirika hilo lilibinafsishwa, KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26 ya hisa. Mkakati uliofuata uliifanya Nairobi kuwa kitovu: ndege kubwa kutoka Ulaya na Asia huwasili, kisha ndege ndogo huwachukua abiria hao na kuwasambaza Entebbe, Kigali, Dar es Salaam, Lusaka, Harare na Kinshasa. Jioni mkondo hugeuka. Mfanyabiashara wa Kinshasa anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa hutegemea ndege mbili zikutane Nairobi kwa wakati.

Hapo ndipo aina ya ndege inapokuwa na uzito. Boeing 737-800 ya KQ hubeba abiria 145, ilhali Embraer 190, ambazo shirika lilizipokea kwa wingi katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010, hubeba 96. Tuseme njia fulani ina abiria 130 kwa siku. Boeing moja itawatosha wote, lakini itaondoka mara moja tu. Embraer mbili zitakuwa na viti 192, baadhi vitupu, ila abiria atakuwa na safari ya asubuhi na ya jioni. Anayekwenda Kigali kwa mkutano wa saa tatu ataweza kulala nyumbani kwake.

Kwa msafiri wa kanda, basi, ndege ndogo inayokuja mara nyingi ni bora kuliko kubwa inayokuja kwa nadra. Wanasiasa wetu wapendao kupigwa picha kando ya ndege kubwa mpya hawajapata kulielewa jambo hili.

Pale abiria wanapokuwa wachache mno hata kwa Embraer, miji miwili huunganishwa katika safari moja. Ndivyo ilivyofanyika kwa Victoria Falls na Cape Town. Mpango huo huokoa njia ambayo ingefungwa, ingawa kuchelewa mji wa kwanza huwa ni kuchelewa mji wa pili pia.

Mkakati wa upanuzi uliotangazwa mnamo 2011 na kupewa jina Mradi wa Mawingu ulilenga kuwa na ndege zaidi ya mia moja kufikia 2021. Boeing 777-300ER ya kwanza iliwasili 2013, na Boeing 787 ya kwanza mwaka uliofuata. Lakini abiria waliotarajiwa hawakuja. Shambulio la Westgate la 2013 liliathiri utalii, na mnamo Agosti 2014 mkurupuko wa Ebola ulilazimu safari za Freetown na Monrovia kusitishwa. Madeni ya ndege hayakusubiri. Katika mwaka wa kifedha uliokamilika Machi 2016, KQ ilipata hasara ya Sh26.2 bilioni.

Mwaka huo huo Boeing 777-300ER tatu zilikodishwa kwa Turkish Airlines na Boeing 787 mbili kwa Oman Air. Wengi walidhani hatua hiyo ingewagusa wasafiri wa ng'ambo pekee. La hasha. Kila ndege kubwa inayoacha kutua Nairobi huwanyima abiria wale Embraer wanaowasubiri, na njia ya kanda iliyojazwa na wapitaji huanza kuonekana haina faida.

Kadhia hiyo ilijirudia kwa sura nyingine mnamo 2025. Baada ya faida ya Sh5.4 bilioni mwaka 2024, ya kwanza ya mwaka mzima kwa zaidi ya muongo mmoja, Boeing 787 tatu kati ya tisa zilikwama chini kutokana na uhaba wa injini ulioikumba dunia nzima. Nusu ya kwanza ya 2025 iliishia kwa hasara ya zaidi ya Sh12 bilioni.

Majirani nao hawakusalimika. Air Tanzania, iliyofufuliwa 2016 kwa ndege za Dash 8, ililazimika mwaka 2022 kuegesha Airbus A220 zake kwa sababu ya hitilafu za injini, na ratiba ikapunguzwa. Shirika lenye ndege chache za aina moja halina pa kukimbilia aina hiyo inapougua.

Mtu huuliza: mbona wasitumie tu ndege nyingine? Kwanza, leseni ya rubani hufungamana na aina ya ndege. Wa Embraer hawezi kuhamia Boeing bila mafunzo ya ziada. Pili, ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku. Ikichelewa saa mbili kurudi kutoka Entebbe asubuhi, itachelewa Dar es Salaam adhuhuri na pengine Lusaka usiku, wakati ambapo saa za kazi za marubani zimekwisha kisheria. Dawa ni ndege ya akiba, ambayo huegeshwa bila kuingiza hata senti. Shirika lenye madeni huiona ni anasa, nami naona ndilo kosa ghali kuliko yote.

Jambojet, kampuni tanzu iliyoanza 2014 kwa Boeing 737, ilichagua njia tofauti ilipohamia Dash 8 za viti 78, zinazoendeshwa kwa rafadha. Huenda polepole kuliko Boeing, lakini hutumia mafuta kidogo katika masafa mafupi na huweza kutua Ukunda na Lamu.

Msafiri anaweza kujikinga kwa kusoma tiketi yake. Alama E90 humaanisha Embraer 190, 738 ni Boeing 737-800, 788 ni Boeing 787-8 na DH4 ni Dash 8. Alama ikibadilika baada ya kulipa, saa pia huenda zimebadilika, hasa karibu na Jumapili za mwisho za Machi na Oktoba, ratiba za msimu zinapopishana. Mwenye mizigo mingi azingatie pia kwamba 788 hubeba makasha ya shehena, ilhali katika E90 kila mzigo hupakiwa kwa mikono katika nafasi finyu, na unaokosa nafasi hungoja safari ifuatayo.