Metamofosisi kamili: sisimizi na kipepeo upande mmoja, mchwa upande mwingine

Kinsevere, kwenye machimbo ya shaba kaskazini mwa Lubumbashi, ni nchi ya miombo na vichuguu. Vingine hupita mita 5 kwenda juu, na udongo wake hufyatuliwa matofali. Wanaovijenga ni mchwa wa jenasi Macrotermes. Wengi wetu humhesabu mchwa kuwa ndugu wa sisimizi, kwa kuwa wote wana malkia, askari na vibarua. Biolojia inakataa, na hoja yake mojawapo ni metamofosisi kamili.

Metamofosisi ni kugeuka kwa umbo la mnyama anapokua. Huitwa kamili mdudu anapopita hatua nne: yai, lava, pupa, mdudu mzima. Mchwa hana pupa. Hutoka yaini na miguu yake sita, akaambua ngozi mara kadhaa hadi akakomaa, kama afanyavyo tunutu wa panzi. Ndugu yake wa karibu ni mende.

Sisimizi yuko na kipepeo. Mlimau mmoja waweza kuwalea wote wawili. Kiwavi wa kipepeo Papilio demodocus hutafuna majani yake; akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, akikua huwa kijani, na akichokozwa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili zinazonuka. Mtoto wa sisimizi aitwaye maji moto, Oecophylla longinoda, hana hata miguu. Hulishwa na vibarua. Lakini ana hariri: vibarua humbana kwa taya na kumpitisha huku na huku baina ya majani yaliyovutwa pamoja, mpaka kiota kishonwe. Hariri yote ikaishia nyumbani, naye akawa pupa bila kifuko. Kiwavi yeye hutumia uzi wake kujifunga kwenye kijiti, kisha akageuka pupa.

Kwa hatua ya pili, vitabu husema lava, ingawa msomaji wa Goma akilisikia neno hilo atawaza volkano ya Nyiragongo kwanza. Mimi ningebaki na kiwavi kwa kipepeo na nondo (vinkubala wa sokoni Lubumbashi ni viwavi wa nondo), buu kwa sisimizi, na lava pale tu tunapowataja wote. Wanaopendekeza “mabadiliko ya umbo” badala ya metamofosisi kamili wanapoteza tofauti yenyewe: mchwa naye hubadilika umbo, hata kuota mabawa akawa kumbikumbi, ila hapiti kwenye pupa. Neno “kamili” lisiachwe.