Taarifa Kumtangulia Mgonjwa: Historia ya Mawasiliano kati ya Gari la Wagonjwa na Hospitali

Upashanaji wa taarifa za mgonjwa kati ya gari la wagonjwa na hospitali huelezwa mara nyingi kama tunda la kompyuta na simu za mkononi. Insha hii inaichunguza historia yake katika Uholanzi, Ireland ya Kaskazini na Marekani, na inabainisha kuwa hatua zake kuu ziliongozwa na swali la mamlaka zaidi ya swali la mitambo: nani ana haki ya kuamua tiba kabla mgonjwa hajafika mbele ya daktari?

Chimbuko la mbali linapatikana Leiden. Willem Einthoven alikuwa ameunda kipimo cha umeme wa moyo chenye uzito wa karibu kilo 270, ambacho hakingeweza kuhamishiwa wodini. Mwaka 1905 alitumia waya wa simu kupokea umeme wa mioyo ya wagonjwa kutoka hospitalini hadi maabara yake, umbali wa takribani kilomita 1.5. Ikathibitika kwamba mchoro wa moyo waweza kusomwa mahali asipokuwapo mgonjwa. Hata hivyo, pande zote mbili za waya zilikuwa mikononi mwa wanataaluma. Hakuna mamlaka yaliyokabidhiwa kwa mtu mwingine.

Swali la mamlaka lilijitokeza katika miaka ya 1960. Huko Belfast, mwaka 1966, Frank Pantridge wa Hospitali ya Royal Victoria alianzisha gari maalumu la wagonjwa wa moyo, likiwa na mashine ya kushtua moyo. Yeye na John Geddes walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet mwaka 1967. Katika mfumo huo daktari mwenyewe alipanda gari. Tiba ilimfikia mgonjwa mapema, lakini kwa sharti la kuwapo daktari wa kutoka nje ya hospitali kila simu ilipopigwa.

Eugene Nagel, daktari wa Miami, alifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1967 alishirikiana na kikosi cha zimamoto cha mji huo kurusha mchoro wa moyo kwa mawimbi ya redio hadi hospitalini. Askari wa zimamoto hawakuruhusiwa kutoa dawa kwa uamuzi wao wenyewe. Redio ilimwezesha daktari kuuona moyo wa mgonjwa na kutoa amri akiwa mbali, hivyo madaktari waliosita wakapata sababu ya kukubali. Sheria ya California ya mwaka 1970, ijulikanayo kwa majina ya Wedworth na Townsend, iliimarisha msingi huohuo: mhudumu atende, lakini chini ya maelekezo ya hospitali.

Kadiri wahudumu walivyozoea kuisoma michoro hiyo wenyewe, haja ya kuomba idhini kwa kila hatua ilipungua. Kifaa kilichokubaliwa kwa ajili ya kuwasimamia kikawa pia shule yao. Lakini taarifa ziliendelea kwenda upande mmoja. Mhudumu alimkabidhi mgonjwa mlangoni, na mara nyingi hakujua kama alipona au alikufa.

Ujio wa kompyuta haukuondoa pengo hilo mara moja. Hospitali zilipata viwango vya kubadilishana taarifa kupitia HL7, shirika lililoanzishwa mwaka 1987. Huduma za magari ya wagonjwa za Marekani zilianza kujengewa mfumo wao wa kitaifa, NEMSIS, kuanzia mwaka 2001. Mgonjwa mmoja akawa na kumbukumbu mbili zisizosomana. Katika mwongo wa 2010, California ilijaribu utaratibu wenye hatua nne: kutafuta historia ya mgonjwa akiwa bado njiani, kuiarifu hospitali, kuhifadhi ripoti ya gari katika jalada lake, na kurudisha matokeo ya tiba kwa waliomhudumia.

Hatua ya nne ndiyo yenye uzito mkubwa kihistoria. Hatua tatu za kwanza zinaharakisha kazi. Ya nne inamtambua mhudumu wa gari kuwa mtaalamu anayestahili kujua kama uamuzi wake ulikuwa sahihi. Kwa hiyo, mfumo wowote wa kidijitali unaopeleka taarifa hospitalini bila kurudisha majibu unaendeleza mgawanyo wa mamlaka wa miaka ya 1960 kwa vifaa vipya, na unawanyima wagonjwa wajao faida ya mafunzo yaliyotokana na waliotangulia.