Uhisani na Kodi katika Kilosa na Mikumi: Historia ya Hati Mbili

Wilaya ya Kilosa, ambayo makao yake makuu yako kwenye bonde la mto Mkondoa na ambayo mji wake wa Mikumi uko upande wa kusini, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, imepokea wahisani wa kila namna tangu wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walipoweka kituo Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, karibu na mwaka 1880. Baada yao zilikuja hospitali za misheni, ile ya Waanglikana huko Berega na ile ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi. Chama cha Msalaba Mwekundu kiliwasaidia waliofukuzwa na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Na katika miongo ya karibuni yamechipuka mashirika madogo ambayo chanzo chake ni familia moja, moja likilea yatima, jingine likiendesha shule ya chekechea, jingine likiwalipia ada watoto wa kijiji. Kuhusu mashirika haya madogo wafadhili na majirani huuliza swali lile lile, yaani kama kweli yamesamehewa kodi kwa mujibu wa sheria, na mara nyingi jibu hutafutwa kwenye cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani, mahali ambapo jibu hilo halipo. Sababu ya kutokuwapo kwake ni ya kihistoria: katika nchi hii hati inayolipatia shirika uhai wa kisheria na hati inayolipatia nafuu ya kodi zilizaliwa nyakati tofauti, mikononi mwa mamlaka tofauti, na hazijawahi kuunganishwa kuwa moja.

Kodi ya kwanza iliyowafikia wakazi wengi wa Kilosa haikuwa na nafasi ya kuuliza habari za mashirika. Amri ya Wajerumani ya kodi ya kibanda, iliyotolewa mwaka 1897 na kuanza kutumika mwaka 1898, ilitoza nyumba, na Waingereza walioitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza kodi hiyo pamoja na kodi ya kichwa, ambayo ilimtoza mwanamume mtu mzima hata kama hakuwa na nyumba yake. Msamaha ulikuwapo, lakini ulikuwa wa mtu binafsi: mzee asiyejiweza, kilema au fukara aliweza kuondolewa kwenye orodha ya walipaji. Taasisi haikuwa na cha kusamehewa, kwa kuwa kodi hizo hazikupima faida wala mapato.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 1940, kodi ya mapato ilipoanzishwa Tanganyika, ikiwa ni kodi inayohesabiwa kwa kutoa gharama kwenye kile ambacho mtu au kampuni imeingiza kwa mwaka. Katika Kilosa iliwahusu zaidi wenye mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, ambao miongoni mwao walikuwamo Wagiriki na Wahindi, pamoja na wafanyabiashara wa miji iliyokua kandokando ya Reli ya Kati. Sasa ilibidi sheria itofautishe fedha inayoingia kwenye shamba la mkonge na fedha inayoingia kwenye hospitali ya misheni, na tofauti hiyo haikubuniwa Dar es Salaam, wala haikubuniwa na Sheria ya Afrika Mashariki ya Usimamizi wa Kodi ya Mapato ya mwaka 1952 au ile ya 1958 iliyoirithi. Ilitoka Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1601, ya zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilikuwa imeorodhesha mambo yanayostahili kuitwa ya hisani, na ambako shauri la Pemsel lilikata mzizi wa fitina mwaka 1891. Shauri hilo linastahili kukumbukwa na kila msomaji wa Tanzania, kwani lilihusu fedha za kanisa la Moravian zilizowekwa kwa ajili ya kazi ya umisionari. Wakusanya kodi wa Uingereza walidai kwamba hisani ni kuwasaidia maskini tu, lakini mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikataa, ikasema kwamba hisani ina mafungu manne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mambo mengine yenye manufaa kwa jamii. Mwaka huo huo wa 1891 wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani waliweka kituo chao cha kwanza Rungwe, kusini-magharibi mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, na kwa hiyo kanisa lililoipa sheria ya hisani umbo lake likawa pia miongoni mwa watendaji wa hisani hiyo hapa nchini.

Wakati sheria ya kodi ikijengwa na idara iliyokuwa chini ya mamlaka ya pamoja ya Afrika Mashariki, uhai wa mashirika ulisimamiwa na serikali ya Tanganyika peke yake, kwa sababu nyingine kabisa. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 1954 iliwataka watu waliojikusanya katika chama wajiandikishe kwa Msajili, na TANU, iliyozaliwa Julai mwaka huo huo, ililazimika kuomba usajili chini yake. Lengo lake kuu lilikuwa ulinzi wa utawala, na fedha za hisani hazikuwa hoja yake. Miaka miwili baadaye ilitungwa sheria ya kuwapa wadhamini hadhi ya mtu wa kisheria, ambayo leo ni Sura ya 318, na ambayo inaliwezesha kundi la wadhamini, yaani watu wanaoshika mali kwa niaba ya wengine, kumiliki ardhi na kushtaki au kushtakiwa kwa jina moja lisilokufa wadhamini wanapobadilika. Usimamizi wake ulikuwa mikononi mwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake ndiyo iliyozaa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, mwaka 2006. Hakuna hata moja kati ya sheria hizi mbili iliyosema lolote kuhusu nani alipe kodi ya mapato na nani asilipe. Mgawanyiko unaowachanganya watu wa Mikumi leo ulikuwa tayari umekamilika kabla ya Uhuru.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nafasi ya mashirika ya watu binafsi ilipungua sana. Sheria ya Elimu ya 1969 iliweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya Serikali, huduma za jamii zikawa wajibu wa dola, na mchango wa mwananchi wa Kilosa ukapitia kijiji na chama zaidi kuliko mfuko wa hisani. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973, iliyoiondoa kodi hiyo kwenye mikono ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilihifadhi wazo la kale la taasisi ya hisani, ila waliolihitaji walikuwa wachache.

Wimbi lilirudi mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, Serikali ilipoishiwa fedha na milango ikafunguliwa kwa shule, zahanati na vituo vya watu binafsi. Mashirika yaliongezeka haraka kuliko uwezo wa kuyasimamia, na misamaha ya ushuru wa bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, magari yakiwamo, ililalamikiwa kwamba ilitumiwa na watu ambao bidhaa zao ziliishia sokoni. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliyoanza kazi Julai 1996, iliurithi mvutano huo, na haujaisha: mwaka 2009 Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, alipopendekeza kupunguza misamaha ya mashirika ya dini na yasiyo ya kiserikali, viongozi wa dini walipinga vikali na Serikali ikalegeza msimamo. Ni haki kusema kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja, kwa sababu hospitali ya misheni kijijini hubeba mzigo ambao vinginevyo ungekuwa wa Hazina, na Hazina nayo haiwezi kuachilia mapato kwa neno la mdomo.

Sheria mbili za mwanzoni mwa karne hii ndizo zinazotawala hadi sasa. Ya kwanza, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, iliweka Msajili wa mashirika hayo. Ya pili, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai ya mwaka huo, inaeleza katika kifungu cha 64 kwamba taasisi ya hisani ni ile yenye sura ya umma, iliyoanzishwa na inayofanya kazi kwa madhumuni ya kuwaondolea watu umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za jumla za afya, elimu, maji au barabara, na, hili ndilo sharti linalosahauliwa, iliyopewa uamuzi wa maandishi na Kamishna Mkuu wa TRA kwamba ina hadhi hiyo. Bila uamuzi huo shirika hutazamwa kama mlipakodi mwingine yeyote, hata kama limesajiliwa kihalali na linalea yatima kwa moyo wote.

Hata uamuzi huo haufuti kodi yote, na hapa ndipo lugha ya kila siku ya kusema shirika fulani "halilipi kodi" inapopotosha. Sheria inaruhusu taasisi kutoa kwenye mapato yake kiasi ilichotumia kwa madhumuni yake, kisha asilimia 25 ya mapato yake ya hisani na ya uwekezaji. Kinachobaki hutozwa asilimia 30 kama cha kampuni. Kwa mfano wa kubuni, kituo cha Mikumi kilichopata shilingi milioni 40 kwa mwaka na kutumia milioni 28 kwa chakula, ada na dawa za watoto, kitatoa hizo milioni 28, kitatoa na milioni 10 ambazo ni robo ya mapato, na kitabaki na milioni 2 ambazo kodi yake ni shilingi 600,000. Mishahara ya walezi hukatwa kodi ya ajira kama kwingine kote. Saruji ya kujengea bweni haiondolewi VAT kwa sababu tu ya uamuzi wa kifungu cha 64. Na nyumba ya wageni ambayo kituo kimeifungua kwa ajili ya watalii wa Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, ni biashara ya nyumba ya wageni, ambayo mapato yake hayageuki kuwa ya hisani kwa kukaa kwenye kiwanja kimoja na yatima.

Ugumu wa shirika la familia uko kwenye maneno "sura ya umma". Sheria haikatazi baba kuwa mwenyekiti, mama kuwa mkurugenzi na binti kuwa mhasibu, na kwa kweli mashirika mengi mema ya vijijini yasingeanzishwa bila sebule ya nyumba moja na akiba ya ndugu wachache. Kinachopimwa ni nani anayefaidika na nani anayeweza kuhoji. Katiba ya shirika ndipo pa kuanzia, na kifungu chake muhimu mara nyingi ni kile cha mwisho, kinachosema mali itakwenda wapi shirika likivunjwa: ikiwa ardhi na majengo vitakwenda kwa taasisi nyingine yenye madhumuni yanayofanana, umma upo, ikiwa vitarudi kwa waanzilishi au warithi wao, hisani hiyo ni mali ya familia iliyovaa jina la umma. Kinachofuata ni daftari la fedha. Mshahara wa mwanafamilia unaolingana na kazi aliyoifanya ni gharama halali, lakini gari, nyumba na ada za watoto wa mwanzilishi zinazolipwa kutoka kwenye mfuko wa yatima ni faida binafsi, na hakuna katiba nzuri inayoweza kuzitakasa.

Udhibiti uliongezeka mwishoni mwa miaka ya 2010. Kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yanayopata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 yawasilishe mikataba ya fedha hizo Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliyataka mashirika yaliyokuwa yamejisajili kama kampuni zisizo na hisa yahamie kwenye daftari la Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Mashirika madogo ya familia ndiyo yaliyoumia zaidi na mabadiliko hayo, maana hayana mwanasheria wala mkaguzi wa hesabu wa kudumu, na ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya watu wema walijikuta wakosaji kwa kutojua ni daftari lipi linalowahusu.

Anayetaka kuthibitisha hadhi ya shirika dogo katika Kilosa au Mikumi ana njia iliyo wazi, ingawa inahitaji subira. Usajili huthibitishwa kwa Msajili, na wilayani mlango wake ni ofisi ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, anayepaswa kuyajua mashirika ya eneo lake na taarifa zao za mwaka. Kama ni kundi la wadhamini, huulizwa RITA. Kama ni makao ya watoto, leseni yake hutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo ni hati nyingine tena, isiyohusiana na kodi. Nafuu ya kodi huthibitishwa kwa kuona nakala ya uamuzi wa Kamishna Mkuu, pamoja na namba ya mlipakodi, TIN, na ritani za miaka ya karibuni. Shirika lililo safi halina sababu ya kuzificha hati hizo. Wafadhili, na hasa Watanzania wanaochangia kutoka mijini na ughaibuni, wanaombwa waziombe karatasi hizo kabla ya kutuma fedha, na waziombe kwa heshima, kwa kuwa mwenye kituo huenda hajawahi kuambiwa kwamba anazihitaji. Shirika ambalo halijapata uamuzi huo halijasamehewa kodi.