Tomcat inasema haioni Java: usikimbilie kufuta seva

Programu nyingi za kazi, kama vile DHIS2 ambayo Kongo inatumia kwa kukusanya takwimu za afya, zinasimama juu ya Tomcat. Na Tomcat haitembei peke yake: inahitaji Java, njo injini yake. Siku inakosa Java, hakuna kitu kinafunguka, na mtu wa takwimu anabaki na ripoti mkononi.

Hapo mafundi wengine wanasema: tufute yote, tuanze upya. Hapana! Mara nyingi Java iko ndani ya mashini, ila Tomcat haijui mahali iko. Ukifuta bila kopi ya data, unaweza kupoteza miezi ya kazi sababu ya mustari moja. Tena kupakua upya kunakula mega bure.

Uliza mashini kwanza. Kwenye Linux, andika java -version. Isipoijua hiyo amri, Java inaweza kuwa haiko kweli, inafaa uiweke. Ikijibu, angalia namba: Tomcat 9 inataka Java 8 ao zaidi, Tomcat 10.1 inataka 11, Tomcat 11 inataka 17. Ukikuta neno UnsupportedClassVersionError katika logi, Java iko lakini ni ya zamani kwa programu yako.

Namba ikiwa nzuri, angalia JAVA_HOME, ni kusema anwani ya Java. Andika readlink -f $(which java). Ikileta /usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64/bin/java, kata /bin/java ya mwisho. Kinachobaki njo anwani. Wengi wanaisahau hiyo bin pale, Tomcat inakataa tena.

Utaiandika wapi? Hapa njo watu wanapoteza siku nzima. Unaiweka katika .bashrc, unaanzisha Tomcat kwa mkono, inatembea vizuri. Usiku umeme unakatika (kwetu si jambo geni), asubuhi mashini inawaka, Tomcat imekufa. Sababu mashini ikiwaka, systemd njo inaanzisha Tomcat, nayo haisomi .bashrc yako.

Kwa Tomcat 9 ya Debian ao Ubuntu, andika JAVA_HOME=anwani katika /etc/default/tomcat9, kisha systemctl restart tomcat9. Kama uliipakua mwenyewe, tengeneza faili setenv.sh ndani ya folda bin ya Tomcat, uandike export JAVA_HOME=anwani.

Ukibadilisha Java 11 kwa 17, jina la folda linabadilika pia. Rudia kuangalia anwani siku hiyo hiyo, mbele ya kuzima mashini.